Chemchemi ya Kutazamwa kwa Kisogo

Mgeni, ukifika nchini kwetu usihangaike kuuliza pa kuanzia. Utapelekwa. Kabla hujapata kitanda, kabla hujapata hata maji ya kunawa uso, gari la serikali litakupakia na kukushusha kwenye Chemchemi ya Malkia Sitara, fahari ya Mji wa Kale, inayosifiwa katika vitabu vyote tunavyoruhusiwa kuvisoma. Jina la nchi yenyewe silitaji. Sheria inataka litamkwe mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi naandika nikiwa nimeketi kwa sababu ya magoti.

Chemchemi hiyo aliijenga malkia wetu wa zamani ili wasafiri na punda wao wapate kunywa bure. Ina birika kubwa la mawe, na juu ya birika wamekaa samaki wa mawe waliochongwa gamba kwa gamba, wanatema maji mchana na usiku. Haya nayajua vizuri kwa kuwa nayafundisha. Mimi ni mwalimu wa uraia, na mtoto anayesahau kwamba samaki wa katikati ameinua mkia hafaulu darasani kwangu. Lakini kuiona kwa macho ni jambo jingine. Kwetu chemchemi haionwi. Huzuriwa.

Niwaeleze, maana wageni wakisikia hivyo huguna. Zamani watu waliitazama chemchemi mno. Serikali ikawaonea huruma, ikaona wanastahili kitu kizuri zaidi cha kutazama. Ndipo ikasimamishwa, mkabala na chemchemi, sanamu ya shaba ya Mtukufu Mlezi wetu, ndefu kuliko mnara wa msikiti na ule wa kanisa. Mtukufu amesimama mguu mbele, tumbo lake limerudishwa ndani na mchongaji mwenye adabu, na kwa kidole kirefu anaielekeza chemchemi, mfano wa mtu anayesema: tazameni. Baada ya hapo Bunge likapitisha Sheria ya Migongo, inayomkataza mtu yeyote kuipa sanamu hiyo mgongo. Aliyepinga hakuwapo. Alikuwapo asubuhi, lakini wakati wa kupiga kura hakuwapo.

Sasa fikiria mwenyewe. Mtukufu yuko upande huu, chemchemi iko upande ule, na wewe umesimama katikati. Ukiitazama chemchemi umempa Mtukufu mgongo. Ukimtazama Mtukufu umeipa chemchemi kisogo. Waliojaribu kwenda kusimama nyuma ya chemchemi, ili wavione vyote viwili, wamejengewa ukuta huko, na pembeni pamezibwa mabati. Serikali yetu haipendi kumsumbua raia kwa kumwachia achague.

Kwa hiyo ziara huwa hivi. Unaingia kwa lango lililo chini ya miguu ya sanamu, ukienda kinyumenyume, uso umeuinua kwa Mtukufu. Unarudi nyuma, unarudi, unakanyagwa na kukanyaga, mpaka kamba ikuguse nyuma ya miguu. Hapo umefika. Nyuma ya kamba unasikia maji yakimwagika, tena yanamwagika kwa nguvu. Askari mmoja, naye ameelekea kwa Mtukufu, anakunyunyizia maji mabegani kwa bomba lile la kupulizia mbu, ili upate manyunyu ya kihistoria, na utarudi nyumbani ukinuka dawa. Mpiga picha hukupiga kutoka nyuma. Ukutani kwangu ninayo picha hiyo: visogo vyetu vyote vimeonekana vizuri, na uso wa Mtukufu.

*

Chemchemi yetu ina sifa nyingine ambayo chemchemi za nchi maskini hazina. Inaajiri.

Miaka hii serikali imekuwa ikiwaita wananchi kwenda kuikarabati, na huwaita bila kuwachosha na mambo ya kuaga. Leo utamkosa muuguzi aliyeuliza dawa zimekwenda wapi. Kesho utamkosa mwanafunzi aliyepiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Ukienda kuuliza utaambiwa kwa upole kabisa: yuko chemchemini. Anasugua. Anapaka chokaa. Ana afya. Na ukija kwenye ziara utasikia kwa masikio yako, katikati ya mlio wa maji, nyundo zikigonga mawe, kong, kong, kong, na mioyo ya ndugu wote hutulia.

Mdogo wangu Haroub alikuwa na mashine ya kupiga chapa. Alichapa kadi za harusi, na katika kadi moja jina la bibi harusi lilitokea kubwa kuliko salamu za Mtukufu zilizo juu ya kila kadi. Wiki hiyo hiyo akaajiriwa. Nilipouliza niliambiwa amepewa mikia ya samaki, kazi ya heshima. Nyumbani tulifurahi sana. Mama alifurahi hata akaacha kula.

Wenye ndugu chemchemini tuna upendeleo wetu. Wakati raia wengine huzuru mara moja kwa mwaka, sisi tunaruhusiwa kila mwezi, tena na vikapu vya chakula. Unafika kwenye kamba, unapitisha kikapu nyuma bila kugeuka, mkono unakipokea, na unapoondoka unarudishiwa kikapu kitupu. Kinarudi kikiwa kimefutwa. Watu hukibusu kikapu hicho wakiwa njiani kwenda nyumbani, wanasema, amekula, alhamdulillahi, amekula.

*

Kabla ya ziara lazima kila ndugu apite Idara ya Ziara na Mielekeo kuelekezwa. Mkurugenzi wake ni Daktari Kirungu, msomi aliyepewa udaktari na chuo ambacho yeye mwenyewe alikifungua, akasoma humo na kukifunga. Hukaa kwenye kiti kinachozunguka, lakini kiti kimepigwa misumari kisizunguke, kwa sababu ukutani mbele yake ipo picha ya Mtukufu.

Siku hiyo tulikuwa wengi kwenye mabenchi. Aliyeitwa mbele alikuwa Bi Raya, mshona kofia wa mtaa wetu, mwanamke mkavu wa mwili na mkavu wa maneno. Mumewe, Fundi Khatibu, ni mwashi wa mawe. Yeye alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa kuitwa chemchemini, na kusema kweli katika wote ni yeye peke yake aliyekuwa na kazi ya mawe.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Bi Raya.

"Marahaba. Sema kwa ufupi, mama, taifa linangoja."

"Nimekuja na swali moja tu. Mimi ni mke au ni mjane?"

Tulioketi kwenye mabenchi tukaanza kuchunguza vidole vya miguu yetu. Daktari Kirungu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama," alisema, "nchi yetu haina wajane wa chemchemi. Tuna wake wa wafanyakazi, waume wa wafanyakazi, na wazazi wa wafanyakazi. Ujane ni mtazamo. Nao mtazamo, kama unavyojua, katika nchi hii unasimamiwa na idara hii."

"Nimekuelewa, Mheshimiwa. Lakini kama ni mke, nitamngoja, sina haraka. Kama ni mjane, nikae eda yangu, nimsomee hitima, nilie, nimalize. Sasa hivi sijui hata nivae nini. Ndugu zake wakinikuta njiani hawajui wanipe pole au wanitanie. Mtu hawezi kukaa hivi. Niambieni tu."

"Anakusalimu," alisema Daktari Kirungu.

Bi Raya akamkazia macho.

"Naam. Jana tu nilikuwa naye. Amenenepa. Amesema pweza uliyemletea mwezi uliopita alikuwa mtamu sana, ila mara nyingine uongeze ndimu."

"Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Pweza alimla?"

"Alimla na mchuzi akaulamba. Mama, nenda kwa amani. Na ujifunze kwa huyu mwalimu hapa, ambaye mdogo wake yuko huko huko na hajawahi kutuuliza swali lolote."

Nilisimama, nikainama kidogo, nikakaa. Kusifiwa mbele za watu ni jambo zuri.

Tulipotoka nje kwenda langoni Bi Raya alitembea karibu yangu. Alikuwa amekishika kikapu chake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema, "mume wangu hali pweza. Akila pweza midomo inavimba, koo linaziba. Siku ya harusi yetu walimpa kipande bila kujua, kadhi akakaa anamngoja bwana harusi mpaka alasiri. Yule pweza nilimpika makusudi."

Nilitazama huku na huku. Nikamwambia kwamba huenda maji ya chemchemi yamemponya, kwani kazi ya taifa imewaponya watu maradhi mengi.

"Wewe Haroub umemletea nini?"

"Maandazi."

"Wanasemaje akishakula?"

"Wanasema mara nyingine niongeze sukari."

Alinitazama usoni muda mrefu, mpaka nikaanza kumchukia. Sikumwambia kwamba Haroub ana kisukari tangu ujana wake. Hayo ni mambo ya ndani ya familia.

*

Tuliingia kinyumenyume kama kawaida. Jua lilikuwa kali na shaba ya Mtukufu ilituchoma macho, lakini tulikodoa. Mbele yetu, chini kabisa ya sanamu, alisimama Daktari Kirungu na kipaza sauti chake, naye ametupa mgongo sisi na uso amempa Mtukufu. Nyuma yetu kamba, nyuma ya kamba askari wa kupokea vikapu, wote wameelekea huko huko. Ukituona kwa mbali ungedhani tuko kwenye foleni ya kuingia ndani ya tumbo la Mtukufu.

"Wazuru!" alianza Daktari Kirungu. "Mnaishuhudia sasa Chemchemi ya Malkia Sitara! Tazameni jinsi maji yanavyoruka! Tazameni samaki wa katikati, alivyouinua mkia kwa uzalendo! Nani anaona?"

"Tunaona!" tukajibu, macho yetu kwenye vifungo vya koti la Mtukufu.

"Maji yana rangi gani?"

"Ya fedha!"

Maji yakavuma nyuma yetu. Nyundo zikagonga, kong, kong, kong. Jirani yangu wa kulia, Mama Tabu, muuza mihogo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita meli, alianza kulia kwa furaha. Mwanawe wa pekee, yule mwanafunzi wa chafya, ni mmoja wa wenye nyundo. "Msikie," aliniambia, "huyo anayegonga kwa nguvu ni wangu."

Vikapu vilianza kupitishwa nyuma. Changu kilipokelewa. Cha Mama Tabu kikapokelewa. Cha Bi Raya hakikuondoka mikononi mwake.

"Khatibu!" aliita.

Hakuna aliyeita jina la mtu mahali pale tangu pazungushwe kamba. Haikukatazwa. Haikuwa imefikiriwa.

"Khatibu! Ni mimi Raya. Kama uko hapo, acha kugonga kidogo tu, nijue."

Sote tukatega masikio, hata Daktari Kirungu nadhani alitega. Kong, kong, kong.

"Khatibu, mume wangu, nakuomba. Pumzika pigo moja."

Kong, kong, kong.

Kisha nikasikia kamba ikinyanyuliwa, na mchakacho wa kanga, na ndara zikitembea kwenda upande ambao ndara haziendi.

Sikuona kitu. Ninayoyasimulia hapa niliyasikia kwa kisogo, kama raia mwema. Watu wote tuliganda, shingo zimekaza. Mama mmoja alijifunika uso kwa mtandio ili macho yake yasije yakamponyoka.

"Nani huyo?" alinguruma Daktari Kirungu, uso kwa Mtukufu. "Nani amevuka kamba?"

Hakuna aliyeweza kujibu, kwa kuwa hakuna aliyeona.

"Koplo Faki! Mkamate!"

Koplo Faki ndiye mkubwa wa askari wa kamba, kijana mwenye mashavu. Akajibu kwa heshima, "Mheshimiwa, nitamkamata vipi bila kugeuka?"

Swali hilo lilikuwa la kisheria, na Daktari Kirungu alilifikiria. Kumkamata mtu aliyegeuka kulihitaji mtu mwingine ageuke, naye akamatwe na mwingine, na huyo na mwingine, mpaka jeshi zima lingekuwa limeipa sanamu mgongo kwa amri.

"Rudi kinyumenyume!" aliamuru hatimaye. "Mpapase!"

Basi tukamsikia Koplo Faki akirudi nyuma, buti zikiburura mchanga, akisema, "Mama, uko wapi? Mama, toa sauti nikukamate." Halafu pakasikika kishindo na kitu cha bati kikibingirika, na Koplo Faki akaita jina la mama yake.

Papo hapo maji yakakatika, na nyundo nazo zikakatika.

*

Nimeishi miaka mingi mjini kwetu na sijapata kusikia kimya cha namna ile. Tangu tuanze kuizuru chemchemi haikuwahi kunyamaza. Mama Tabu alinishika mkono akaubana.

"Amefanya nini mwanamke huyu?" alinong'ona. Halafu akapaza sauti, "Wewe mwanamke! Umewafanya nini watoto wetu? Mwanangu ameacha kugonga!"

"Umewakatiza kazi!" akapayuka mwingine.

"Wataadhibiwa kwa sababu yako!"

"Mtoeni! Mchawi huyo!"

Nami nilipayuka. Nilisema, "Tuache na amani yetu!" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ninayotumia darasani. 

"Wananchi, tulieni!" Daktari Kirungu alisema kwenye kipaza sauti. "Wafanyakazi wamekwenda kunywa chai!"

Pumzi zikashuka. Chai. Kumbe ni chai tu. Mtu kushoto kwangu alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu anapenda chai ya tangawizi."

"Hakuna chai," ilisema sauti ya Bi Raya. Ilitoka mbali kidogo na ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekueleza kilichobaki sokoni. "Hakuna samaki pia. Hakuna birika. Pana uwanja tu na magugu. Pana mashimo palipong'olewa mawe. Pana spika mbili zimefungwa juu ya pipa, na waya nimeung'oa mimi. Mtu hakuna. Hakuna hata alama ya mguu wa mtu, ila hapa karibu na kamba, ninyi askari mlipokuwa mkila."

"Uongo!" alilia Mama Tabu. "Macho yako mabovu!"

"Basi geuka, uone na yako."

Mama Tabu hakugeuka. Nilimtazama kwa pembe ya jicho: macho ameyafumba, mdomo unamcheza. Wala haikuwa sheria iliyomzuia. Mkono wa sheria haufiki ndani hivyo. Mimi najua kwa sababu nami nilifumba. Maadamu hatujageuka, mwanawe ana nyundo mkononi na Haroub anasugua mikia. Tungegeuka, tungewaua sisi.

Kisha tukamsikia Bi Raya akisema na Koplo Faki, ambaye alikuwa bado ameketi mavumbini alipoangukia, na ambaye kwa kuanguka alikuwa amegeuka bila kukusudia.

"Umeumia, mwanangu?"

"Kidogo, mama. Kiuno."

"Wewe ndiye unayepokea vikapu?"

"Mimi na wenzangu."

"Yule pweza alikuwa mtamu?"

Koplo Faki ni mtu wa mtaa wa Kisimani, amelelewa na bibi yake, na pengine hajafundishwa kumdanganya mwanamke wa umri ule akiwa amekaa chini mbele yake.

"Alikuwa mtamu, mama," alisema. "Alikosa ndimu."

"Na mtu yeyote umewahi kumwona hapa? Fundi? Kibarua? Mtu yeyote akifanya kazi?"

"Sijapata kumwona mtu, mama. Sisi tulikuta hivi hivi."

"Ahsante, mwanangu. Wewe umenijibu."

*

Na hapo ndipo Bi Raya alipolia.

Hakulia kama alivyokuwa akilia Mama Tabu kwa furaha. Alipiga kilio cha msiba, kile chenyewe, kinachoanzia tumboni. "Khatibu weee! Khatibu wangu! Nimefiwa, jamani! Enyi watu, nimefiwa na mume wangu!"

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wa Mji wa Kale, kwa kuwa Wizara haikuliweka katika vitabu. Kilio hicho kikipigwa, mtu huacha alilonalo. Kinyozi humwacha mteja na nusu ndevu. Waliogombana wakasusiana huvuka barabara. Hujiulizi unamjua aliyefiwa au humjui. Unakwenda, unakaa naye chini, unasema pole, na usipokwenda wewe huna watu, na siku yako utazikwa na manispaa. Hayo tuliyanyonya. Serikali imetufundisha mengi ya kufanya na miili yetu, lakini hilo miguu yetu ililijua kabla haijafundishwa kupiga gwaride.

Nikahisi mkono wa Mama Tabu ukiniachia.

"Mwenzangu kafiwa," alisema, kama anajisemea. "Kafiwa, na mimi nimesimama hapa namtazama mtu wa shaba."

Akageuka. Alilia kabla hajamaliza kugeuka. Alipita kamba na unene wake wote akiita, "Raya! Raya mwenzangu, naja!" na baada ya hatua chache tu kilio chake kikawa cha mwanawe.

Baada yake akageuka aliyekuwa na mtandio usoni. Baada yake padre wa Mtaa wa Juu, kisha mzee wa muuguzi, kisha sikuweza kuwahesabu kwa kuwa walikuwa wengi, nguo zikipiga nguo, ndara zikipotea miguuni. Askari wa kamba nao, nilikuja kuambiwa, waliweka chini vikapu na kuvua kofia. Mpiga picha alikuja mbio, mashine yake ikimpiga kifuani, na hakupiga picha.

"Nani amegeuka?" alifoka Daktari Kirungu, uso kwa Mtukufu, pua yake karibu igonge kiatu cha shaba. "Nasikia nyayo! Raia mwema aliyebaki mahali pake aniambie, nani amegeuka?"

Raia mwema aliyebaki mahali pake nilikuwa mimi. Nilikuwa peke yangu mbele ya kamba. Nilijua majina yao wote, wengi nimewafundisha watoto wao. Ningeweza kuyataja yote bila kukosea.

"Mwalimu! Uko hapo? Taja!"

Niligeuka.

Palikuwa vile alivyosema. Magugu, mashimo, pipa, spika mbili zilizofungwa juu yake. Samaki wa Malkia Sitara wameng'olewa hata mizizi, na tangu siku hiyo nimesikia wanaogelea kwenye bustani ya mtu ambaye nikimtaja lazima nisimame. Nilifundisha mikia ya samaki miaka yote hiyo, na ardhi pale ilikuwa kavu, ngumu, mbuzi hangepata pa kulamba. Nilishikwa na hasira ambayo sijui nilikuwa nimeificha wapi. Niliichukia shaba ile, nilimchukia Kirungu na kipaza sauti chake, nikauchukia na ulimi wangu.

Bi Raya alikuwa ameketi chini, kanga ameitandaza kama mkeka, nyingine amejitanda gubigubi kama mjane. Watu wamemzunguka, wamekaa kwenye mavumbi, wengine wakimlilia Khatibu, wengine kila mmoja wa kwake. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kusema pole, nikaona sistahili kumpa mtu pole kabla sijasema jingine.

Aliniangalia. Macho yalikuwa mekundu lakini yametulia, ya mtu ambaye sasa anajua avae nini.

"Na wewe, Mwalimu?" aliniuliza. "Msiba wako ni wa nani?"

Nyuma yangu kipaza sauti kilikuwa bado kinauliza nani amegeuka.

"Wa Haroub," nikasema. "Mdogo wangu. Alikuwa na kisukari." Na watu wakasogea, wakanipisha nikae.